Fungu la Mpiga Solo

Wengi mnaonifahamu hapa Dodoma mmeniuliza kwa nini sikuwepo jukwaani usiku ule wa zilipendwa, na mimi nikawajibu kwamba mgongo umenikamata. Mgongo umenikamata kweli, ila hauhusiki. Kilichonizuia ni karatasi ya kurasa mbili, pamoja na mtu ambaye tulishamzika Mvumi miaka mingi iliyopita.

Jina la bendi sitalitaja, wala majina ya watu, maana tunaishi mji mmoja na misibani tunakutana. Waliocheza bugi za Jumapili mchana hapa mjini mwanzoni mwa miaka ya tisini watajua ninazungumzia akina nani. Tulikuwa bendi ya hoteli. Mwenye hoteli alinunua vyombo, akakusanya vijana, akatupa mshahara biashara ikiwa nzuri na wali maharage biashara ikiwa mbaya. Mimi nilipiga gitaa zito, yaani besi. Kulikuwa na solo, gitaa la kati, drams, tumba, tarumbeta, na domo la bata, yaani saksafoni, lililopulizwa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye Jumatatu asubuhi alifundisha hesabu huku midomo imemvimba. Mbele walisimama waimbaji watatu. Mmoja wao, nitakayemwita Mwimbaji tu, ndiye aliyeleta maneno ya nyimbo zetu karibu zote. Alitoka Tabora, mji wa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe, na haikupita wiki bila kutukumbusha.

Mpiga solo wetu yeye alikuwa Mgogo wa Mvumi, alikozaliwa Patrick Balisidya wa Afro 70, kwa hiyo Mwimbaji akianza habari za Tabora alijibiwa kwa jina hilo moja na mjadala ukafungwa. Mimi ni Mhehe. Wahehe na Wagogo ni watani, na utani wetu sisi wawili haukuwa na likizo. Mchana alishona nguo barazani kule Majengo, jioni alikuja na gitaa. Babu yake alikuwa mpiga ilimba, ile ala ya Wagogo ya vyuma vinavyobonyezwa kwa magumba, na nadhani vidole vya yule mzee vilihamia kwa mjukuu, kwa sababu jamaa hakupiga solo kama tulivyozoea kuwasikia Wakongo. Alibonyeza nyuzi kwa namna ya mtu anayecheza vyuma vya ilimba, gumba hili likiuliza na lile likijibu, na sauti ikawa inazunguka bila kutua. Mara ya kwanza nilipomsikia nilidhani anakosea. Baadaye nikagundua kwamba gitaa langu ndilo lililokuwa halijui pa kukanyaga.

Hapa ni lazima nieleze jinsi wimbo wa dansi ulivyokuwa ukipatikana, maana ugomvi wote umelala hapo.

Mwimbaji anakuja mazoezini na maneno. Pengine ni beti mbili na kiitikio, kayaandika nyuma ya daftari la mtoto. Anaimba kwa mdomo mtupu, akipiga paja. Mpiga solo anatafuta ufunguo, anamwambia panda kidogo, shuka kidogo. Gitaa la kati linaingia chini yake. Mimi nasubiri, kwa sababu mpiga besi mwenye haraka huharibu kila kitu. Mpiga drams anajaribu mwendo, unakataliwa, anajaribu mwingine. Wapulizaji wanakaa pembeni wakinong'onezana, halafu wanarudi na kipande chao. Baada ya siku kadhaa kuna wimbo, na ukimkamata mmoja wetu umwambie aonyeshe chake kiko wapi ndani yake, ataonyesha bila kusita.

Sehemu ya kwanza ya wimbo ilikuwa ya polepole, ya kusimulia: mume kafukuzwa kazi, mke kamkimbia, rafiki kageuka nyoka. Watu walikaa mezani wakisikiliza, wengine wakilia kabisa. Kisha lilikuja chemko. Magitaa yanageuka, waimbaji wanabaki na kibwagizo cha maneno mawili matatu, tumba inachukua nchi, na meza zinabaki na chupa peke yake. Chemko halina shairi. Ni kazi ya mikono. Na kila aliyewahi kukaa mlangoni akikusanya kiingilio anajua watu walikuwa wanalipia nini.

Lakini redioni ilisemwa kwamba wimbo umetungwa na fulani, yaani aliyeleta maneno, na umepigwa na bendi fulani. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila bendi, na kwetu hakuna aliyelalamika. Kulalamikia nini? Mtunzi hakupata senti zaidi ya mpiga tumba. Kutajwa kulikuwa heshima, kama mtu kuitwa mheshimiwa. Mpiga solo alipata yake ndani ya wimbo wenyewe, pale Mwimbaji alipomwita kwa jina la utani kabla hajaachia nyuzi, na ukumbi mzima ukampigia mbinja.

Wimbo uliotutoa ulikuwa mmoja. Unaanza na solo peke yake, bila drams, mzunguko wa ilimba ukipigwa mara nne kabla sisi wengine hatujaingia. Mpaka leo mtu wa makamo hapa mjini ukimpigia mzunguko ule kwa mdomo, bila neno hata moja, atakutajia jina la wimbo. Maneno anaweza asiyakumbuke. Nimeshajaribu kwa wateja wangu, maana siku hizi mimi ni fundi wa redio na spika, na fundi ana nafasi ya kuzungumza na watu wakati risasi inayeyuka.

Mpiga solo alifariki mwishoni mwa miaka ya tisini. Kule Mvumi nilifanya kazi ya mtani: nilizuia jeneza, nikadai nilipwe madeni yangu kwanza, shemeji, mjane wake, akacheka katikati ya kilio. Wakati huo bendi ilishakufa. Mwenye hoteli aliuza vyombo kwa mtu wa Singida, na siku gari lilipokuja kuvichukua ndiyo siku bendi ilipoisha. Hakuna aliyeitisha kikao. Hakuna aliyeuliza jina letu linabaki kwa nani.

Kutouliza huko kulikuwa desturi ya muziki wa nchi nzima. Bendi kubwa za Tanzania hazikuwa mali ya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadili sura bendi nayo ikabadilishiwa jina, ikawa Juwata Jazz, ikawa OTTU Jazz, mpaka watu wakachoka wakaiita Msondo Ngoma moja kwa moja. Mlimani Park, iliyozaliwa 1978, ilikuja kuwa ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Bima Lee ya Shirika la Bima, na polisi na jeshi walikuwa na zao. Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akigombana na kiongozi au akiahidiwa mshahara mnono alihama, akaacha vyombo, akaacha jina. Mbaraka Mwinshehe alipoondoka Morogoro Jazz mwaka 1973 alikwenda kuanzisha Super Volcano, na Morogoro Jazz ikabaki Morogoro Jazz. Safari Sound walipowachukua waimbaji wa Mlimani katikati ya miaka ya themanini, kelele za washabiki zilikuwa kubwa, lakini sikumbuki mtu akihoji Mlimani ni jina la nani. Lilikuwa la mwenye magitaa.

Sasa fikiria wazee sita wanaokutana tena wakati vyombo ni vya kukodi. Mwenye bendi ni nani?

Mji wenyewe ndio uliotuita. Dodoma iliambiwa itakuwa makao makuu tangu mwaka 1973, na kwa muda mrefu tuliishi na ahadi hiyo pamoja na vumbi letu. Tangu 2016, Serikali ilipoamua kuhamia kweli, mambo yamekwenda mbio. Sensa ya 2012 ilikuta watu kama 411,000 hapa mjini. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Kati ya hao kuna wakurugenzi, makatibu muhtasi na madereva waliotoka Dar es Salaam wakiwa na umri wa kupenda muziki wa magitaa, na Ijumaa jioni wakitoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, hawana pa kwenda. Na tangu treni ya umeme ianze kufika mwaka 2024, hata wale ambao familia zao zimebaki Dar hawana tena haraka ya kuwahi basi la saa sita. Promota mmoja aliliona hilo. Akamtafuta Mwimbaji, ambaye kwa sasa anaishi Nkuhungu na hajawahi kuacha kuimba. Harusini, kwenye vipaimara, kwenye mikutano ya kampeni, popote penye kipaza sauti. Mwimbaji akafungua kundi la WhatsApp, akaweka picha yetu ya zamani tuliyovaa suruali za kupwaya. Kwa siku chache kundi lile lilikuwa furaha tupu. Watu wazima wanatumiana picha za watoto wa watoto wao na kuulizana sukari imefika ngapi.

Mazoezi tulifanyia Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, kwenye ukumbi wa baa ambao mchana hauna watu. Nisiwadanganye, siku ya kwanza tulikuwa wabovu. Tarumbeta ilitoa pumzi badala ya sauti. Mimi vidole viliniwaka moto mpaka nikaomba maji ya barafu. Mpiga drams wetu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na wote tunamwita Kaka Mkubwa, alipiga kwa mkono mmoja huku wa pili akiupumzisha, na bado alikuwa na mwendo kuliko mashine yoyote ya studio za siku hizi. Tatizo lilikuwa solo. Promota akaleta kijana anayepiga gitaa kanisani, mtoto wa juzi tu, mwenye heshima, anaamkia shikamoo mpaka kwa mlinzi.

Kijana alikuwa amejifunza nyimbo zetu kutoka kwenye simu. Tukaanzisha ule wimbo. Akapiga mzunguko wa ilimba, wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu akateleza kidogo, uzi ukalia pasipostahili, halafu akaendelea. Kaka Mkubwa akanitazama. Nikamwambia yule kijana, "Dogo, hapo marehemu aliteleza siku ya kurekodi. Usipafuate."

"Mzee, ndivyo wimbo ulivyo," akasema. "Nikipanyoosha hauwi wenyewe."

Tulicheka, Mwimbaji akacheka kuliko wote. Nilikuja kumkumbusha maneno ya kijana huyo baadaye, hakucheka tena.

Karatasi ililetwa tulipokuwa tumeshaanza kusikika kama bendi. Promota alitaka tusiishie kwenye onyesho moja: turekodi upya nyimbo nane, ziwekwe mtandaoni, na jina la bendi lisajiliwe. Mambo mazuri kabisa, sikuwa na pingamizi. Ila karatasi ilisema mtunzi wa nyimbo zote nane ni Mwimbaji. Sisi wengine tuliitwa wapigaji wasindikizaji, wa kulipwa mara moja baada ya kurekodi na basi. Jina la bendi lingesajiliwa na Mwimbaji pamoja na promota. Mpiga solo hakuwemo. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikageuza wa pili, nikarudi wa kwanza. Hakuwemo hata kwenye shukrani.

Nikauliza, "Na fungu la marehemu?"

Mwimbaji akasema atamtaja jukwaani, tusimame dakika moja.

Ugomvi ulianza na jibu hilo. Sitaki kumfanya Mwimbaji aonekane mtu mbaya, kwa sababu hoja zake zilikuwa na miguu. Maneno ni yake, hilo hata mimi nitaapa. Miaka yote ambayo sisi tulikuwa tunafanya mambo mengine, mmoja kwenye zabibu, mmoja bodaboda, mimi na spika zangu, yeye ndiye aliyekuwa akiziimba nyimbo hizo harusini ili zisife. Alizitafuta kanda zetu kwa fedha zake, akalipa mtu azihamishie kwenye kompyuta. Na kwa desturi tuliyokulia sote, aliyeleta maneno ndiye mtunzi. "Mbona zamani hukusema?" aliniuliza. Sikusema kwa sababu zamani kuitwa mtunzi kulikuwa sifa. Sasa kumekuwa fedha, tena fedha ya kurithiwa.

Nilikwenda kuisoma sheria kwa msaada wa kijana wa jirani anayesoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi ikiwa imetungwa na watu zaidi ya mmoja kwa pamoja, hiyo 50 inaanza kuhesabiwa anapokufa wa mwisho wao. Na inawatambua wapigaji na waimbaji kwa haki zao, mbali na mtunzi. Ndiyo maana ya hilo neno hakishiriki. Kwa lugha ya Majengo: mpiga solo wetu angeandikwa kuwa mtunzi mwenza wa ule wimbo, watoto wake wangeendelea kuwa na fungu mpaka mimi na wewe msomaji tumesahaulika. Asipoandikwa, wanabaki na picha ya ukutani.

Mwimbaji alikuja na hoja nyingine, na hiyo ndiyo iliyonikasirisha zaidi kwa sababu ilikuwa ya kijanja. Alisema mzunguko ule si wa mpiga solo, ni ngoma ya Wagogo. Haina mwenyewe. Kila mwenye ilimba kule Chamwino anaupiga. Basi kama ni hivyo, nikamjibu, hata hadithi ya mke aliyemkimbia mume haina mwenyewe, imeimbwa na kila bendi tangu Salum Abdallah wa Cuban Marimba yuko hai. Ilimba ya babu yake ni ya wote, sikatai. Sheria yenyewe ina sehemu yake inayohusu sanaa za jadi. Lakini kuutoa mzunguko ule kwenye vyuma na kuupeleka kwenye nyuzi sita, kuuweka kwenye ufunguo wa sauti ya Mtaborani, kuacha tundu pale katikati ili besi yangu iingie, hiyo ni kazi ya mtu mmoja niliyemwona kwa macho akiitafuta, shati limelowa jasho. Nikamkumbusha na yule kijana wa kanisani. Mtoto asiyemjua marehemu kakataa kunyoosha hata kosa lake, kwa kuwa kwake kosa lile nalo ni wimbo. Wewe uliyekula naye sahani moja unasema hakutunga?

Hapo mazungumzo yakahamia kwenye ujumbe wa sauti, na kama umewahi kugombana kwa ujumbe wa sauti unajua haurudi nyuma. Mwimbaji alituma mmoja mrefu usiku, akasema kuna watu wanajifanya mawakili wa maiti ili wapenyeze fungu lao wenyewe. Kisha akaongeza, na hapo alikuwa anacheka, "Tangu lini Mhehe akamrithi Mgogo?" Mtani wangu angetania hivyo ningefurahi. Yeye si mtani wangu.

Na kweli, nami nilitaka fungu langu. Sioni aibu kulisema. Besi ya wimbo ule niliitunga mimi, haikushuka mbinguni. Lakini fungu langu ningeweza kulijadili, hata kulisamehe, maana niko hai na nina mdomo.

Kaka Mkubwa aliitisha kikao Area C, mahali pa nyama choma. Alisema maneno ya kiutu uzima: tupige kwanza, kugawana kutakuja. Wengi waliunga mkono. Mwalimu wa domo la bata aliniambia pembeni kwamba anakubaliana nami kabisa ila anahitaji hiyo fedha ya mara moja, ana dawa za kununua. Nilimwelewa. Sikumwelewa mpiga tumba, aliyesema marehemu angekuwa hai asingeleta maneno haya. Marehemu angekuwa hai angekuwa ameketi pale pale akidai chake, na kwa sauti. Kuhusu hilo la kugawana baadaye, nimekaa kwenye muziki na kwenye ufundi kiasi cha kutosha. Spika ikishatoka dukani kwangu haijalipiwa, hairudi.

Sikutia saini. Nikajitoa kundini, nikapanda gari la Mvumi.

Shemeji alinipokea vizuri, akanipikia ugali wa mtama na mlenda, akanitania kwamba Wahehe tumeanza kula chakula cha binadamu. Nikamweleza yote, nikiwa na nakala ya karatasi mfukoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza hiyo haki ya mtandaoni inaweza kuleta shilingi ngapi, na lini. Nikasema sijui, pengine kidogo kidogo, pengine mwakani, kutegemea watu watakavyosikiliza. Akaniuliza Mwimbaji anaishi wapi siku hizi. Nikamwelekeza. Mimi mwenyewe nilimwelekeza.

Wiki chache baadaye nikasikia kutoka kwa Kaka Mkubwa kwamba shemeji amelipwa shilingi 400,000 na ameweka dole gumba kwenye karatasi inayosema familia haina madai. Nilimpigia simu kwa hasira, nikamwambia ameuza kitu cha miaka hamsini kwa bei ya mbuzi wachache. Hakugombana nami.

"Shemeji," akasema, "nyumba yangu inavuja. Mvua za Desemba hazisubiri vikao vyenu vya wanaume."

Nilikosa la kusema, na mpaka leo sina. Mtu mzima amepigiwa hesabu mbili, moja ya bati na nyingine ya labda, amechagua bati. Wapo walionicheka mjini: umepigania mjane, mjane kakuacha njiani. Mimi silioni hivyo. Mwimbaji alimlipa, na mtu halipi kwa kitu kisichokuwepo. Ile 400,000 ndiyo ushahidi wangu mkubwa kuliko sheria niliyosomewa, kwamba mpiga solo alikuwa na fungu. Ubaya ni kwamba limelipwa kwa siri na kwa bei ya kiangazi, na kwenye fomu ya wimbo bado kuna jina moja tu.

Onyesho lilifanyika. Naambiwa ukumbi ulijaa, waheshimiwa walivua makoti, na dakika moja ya kumkumbuka marehemu ilikatizwa na kipaza sauti kilichoanza kupiga mluzi. Besi ilipigwa na kijana mwingine, anayepiga noti nyingi mno. Nimesikia kwenye simu ya mteja. Kurekodi kumekwama. Prodyuza anasema kwa kompyuta anaweza kutengeneza kila kitu isipokuwa besi ile ya zamani, na Kaka Mkubwa amekataa kuingia studio bila mimi, si kwa sababu ya haki, anasema, ila kwa sababu hataki kupiga drams na mtu anayemkimbiza.

Kwa hiyo wamenirudia. Nimempelekea Mwimbaji sharti moja kwa mkono wa Kaka Mkubwa: kwenye fomu ya ule wimbo kuwe na mstari wa mtunzi wa maneno na mstari wa mtunzi wa muziki, na kwenye huo wa pili liandikwe jina la mpiga solo kwanza, na langu baada yake. Shemeji akitaka kurudisha 400,000 arudishe. Asipotaka, zikatwe kwenye mapato ya kwanza ya fungu lao, na baada ya hapo fungu liendelee kwa watoto. Nyimbo nyingine saba achukue zote, sina haja nazo.

Hajajibu. Ila Jumamosi alimtuma kijana na spika yake ya harusini, koni imechanika. Nimeitengeneza. Nimemtoza bei kamili.